Kiapo cha Phelister

Watu wa magharibi walioishi mtaa wa Ziwani jijini walikuwa na mzaha wao: ukitaka kufa, kufa kabla Phelister hajastaafu. Walimaanisha wasifu. Kwa miaka kumi na tisa Phelister Adoyo alikuwa katibu wa chama chao cha kuzikana, na kila aliyefariki, awe bawabu wa ghala au mke wa karani wa reli, aliandikiwa maisha yake kurasa mbili nzima katika kijitabu cha mazishi, bila jina lililokosewa wala tarehe ya kubahatisha. Vijitabu hivyo alivipandisha vyote kwenye ukurasa wa chama mtandaoni, mwaka kwa mwaka, ili watoto waliozaliwa mjini wajue wametoka wapi.

Kazi yake ya mchana ilikuwa masijala, katika ofisi moja ya jiji, mahali ambapo faili likipotea mtu hupoteza kiwanja. Huko alijifunza kwamba jambo lisiloandikwa ni kama halikutokea, na kwamba kila anayetia saini lazima aondoke na nakala yake. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Majirani walimjua kwa miwani yake ya kamba na daftari lake gumu la bluu, na kwa jinsi alivyouliza mara tatu kabla ya kuandika mara moja.

Wasifu uliompa heshima kuliko wote ulikuwa wa mumewe mwenyewe.

Austine alikuwa fundi wa mabehewa. Alifariki miaka sita iliyopita, baada ya miaka miwili na nusu ya kusafishwa damu kwa mashine. Kabla yake alikuwa ametangulia kaka yake Odiwuor, na kabla yao wote wawili, baba yao. Odiwuor alifia kijijini, tumbo limemvimba, hajaona daktari wa maana. Matanga hayajaisha, watu wakaanza kumtazama mjane wake, Triza, kwa jicho la pembeni. Austine naye alipoanza kuugua, yale macho yakageuka maneno. Si alikula kwa Triza sikukuu ya Krismasi? Si alilala kwake siku mbili?

Aliyelitamka waziwazi ni Phares, ndugu wa mwisho aliyebaki hai. "Tumezaliwa watatu," alisema mbele ya wazee Austine alipofariki. "Wawili wamekwenda, na wote wamepitia jikoni kwa mwanamke mmoja. Mimi sijaonja hata chai yake. Nitazameni, nimesimama."

Lakini Phelister alikuwa na jibu. Daktari aliyemtibu Austine alikuwa amemchorea figo mbili nyuma ya kadi ya miadi, akazijaza viduara hadi zikawa kama mayai ya chura. Vifuko vya maji, alimwambia. Ugonjwa wa kurithi. Hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kila mtoto ana nusu ya bahati: aliyeupata ameupata, aliyeukosa ameukosa moja kwa moja. Phelister alimfanya daktari aeleze mara tatu, kisha akaandika.

Siku ya mazishi hakumwachia mchungaji asome. Alisimama mwenyewe kando ya kaburi, akafika ukurasa wa pili, akasema: "Marehemu Austine alichukuliwa na ugonjwa wa figo wa kurithi, ule ule uliomchukua baba yake na kaka yake Odiwuor. Hakuna mkono wa mtu." Akarudia: "Hakuna mkono wa mtu." Mtoto mmoja akaanza kulia. Ndipo Phares alipovuka kutoka upande wa wanaume, akampa Triza mkono mbele ya umati wote. Tangu siku ile Triza alilima shamba la mumewe bila mtu kumfungia njia.

Austine alimwachia Phelister mtoto mmoja tu, Maurine. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa chekechea huko Njiru, mcheshi, mwenye sauti ya kuamrisha watoto hamsini kwa pamoja. Hakuwa na ugonjwa wowote. Hakuwahi kupimwa figo, wala hakutaka. Alisema hawezi kulala na jibu la swali ambalo hakuliuliza. Kulikuwa na kijana wa mtaa wa Umoja aliyemchumbia, na watu wake walitarajiwa Desemba kuja kujitambulisha.

Phelister hakubishana naye juu ya kupimwa. Alichotaka ni bima, na aliitaka mapema, Maurine angali mzima. Alikuwa ameuona ugonjwa ule ukila nyumba. Kadi ya bima ya umma ilibeba kiasi chake, lakini kulazwa na damu na sindano vilibeba kiwanja chao cha Njiru, cherehani, na mwishowe pikipiki ya Austine. "Mimi sikuombi ujue," alimwambia binti yake. "Nakuomba ujifunike tu. Mwavuli hununuliwa jua likiwaka."

Wakala aliitwa Abdijabar, kijana nadhifu wa Eastleigh aliyeacha duka la vitambaa la baba yake akaingia kuuza bima. Alikuja Ziwani Jumamosi asubuhi, akavua viatu mlangoni ingawa hakuambiwa, akatandaza fomu juu ya meza ya Phelister.

"Hapa wanauliza kama kuna mzazi au ndugu aliyefariki kwa moyo, sukari, saratani au figo," alisema. "Tunaweka hapana."

"Baba yake alifariki kwa figo," Phelister alisema.

"Mama, wallahi, nikiweka ndiyo kwa kila mtu aliyefiwa, nitabaki nikiwauzia malaika."

Maurine alicheka. "Mathe wangu angeweka ndiyo, halafu na tarehe."

"Na saa ya kukata roho," Abdijabar akaongeza. "Na mashahidi wawili!"

Phelister naye akacheka. Baadaye ndicho kilichomuuma, kwamba alicheka. Yeye ambaye hangekubali jina la marehemu liandikwe bila herufi moja, aliitazama kalamu ya yule kijana ikiweka alama kwenye kisanduku cha uongo, akaenda kuongeza maji ya chai.

Wiki tatu baadaye waliitwa ofisini mjini, mama na binti. Ofisa aliyewapokea aliitwa Syombua, mwanamke wa rika la Phelister, mwenye sauti ya chini. Hakuwakaripia. Aligeuza kompyuta yake wakaona picha ya Austine akiwa amevaa tai ya kuazima, na chini yake ule ukurasa wa pili.

"Tunapopokea ombi huwa tunatafuta majina," alisema. "Hapa imeandikwa ameacha mjane na binti mmoja, Maurine." Kisha akasoma sentensi ya figo kwa sauti, polepole, hadi kwenye mkono wa mtu. "Nani aliandika haya?"

"Mimi."

"Umeandika vizuri." Hakuwa akimdhihaki, na hilo lilimchoma Phelister zaidi. "Mngetuambia kama mlivyoliambia kaburi, tungewapa bima isiyogusa figo."

"Isiyogusa figo ingetufaa nini?" Maurine aliuliza.

"Hivyo ndivyo kila mtu husema, dada. Lakini sasa mmeficha, na aliyeficha anakataliwa kabisa. Mna siku thelathini za kukata rufaa."

Abdijabar alikuwa akiwasubiri chini barabarani, uso umemshuka. Alikuwa amekwisha piga simu kwa mtu wake ndani. Aliwapeleka kwenye hoteli ndogo, akaagiza chai ambayo hakuinywa, akawaeleza njia.

"Mama, nisikilize. Wana nini mkononi? Maneno yako. Baba mkwe wako ana cheti cha hospitali? Hana. Shemeji yako? Hana. Cheti cha mumeo hakitaji urithi. Ni wewe tu uliyesema ni figo za kurithi. Nenda kwa wakili, uape kwamba uliandika kwa uchungu wa msiba, hukuambiwa na daktari. Na ndugu wa damu wa marehemu atie saini kwamba familia haijui ugonjwa kama huo. Karatasi mbili tu."

"Ndugu wa damu aliye hai ni mmoja," Phelister alisema.

"Basi mmoja anatosha."

Phelister alikuwa akimwona Phares amesimama mbele ya wazee, akijionyesha kifua.

Siku nne alikwenda kazini na kurudi na jambo lile kifuani. Kati ya rafu za masijala aliipanga ile karatasi kichwani, mstari kwa mstari. Kwamba baba mkwe hakuwa na cheti, kweli. Kwamba Odiwuor hakuonwa na daktari, kweli. Kwamba aliandika akiwa na uchungu, kweli tupu. Ulibaki mstari mmoja, ule wa kwamba hakuna daktari aliyemwambia ni ugonjwa wa kurithi. Huo ulikuwa uongo, na hakuna namna ya kuupanga ukawa kitu kingine. Mara mbili aliitafuta namba ya Triza kwenye simu, amwambie mapema. Mara zote mbili aliirudisha simu mkobani. Angemwambia nini? Kwamba nakwenda kuyafuta maneno yaliyokusitiri, lakini ni ofisini tu, usijali?

Siku ya tano Maurine alimpigia kutoka shuleni, kelele za watoto nyuma yake. "Mama, kama huwezi, niambie tu. Sitakasirika." Alisema kwa upole kiasi kwamba Phelister alikata simu, akaomba ruhusa, akaenda kwa wakili. Mchana ule ule karatasi ilikuwa na muhuri.

Phares alikuwa mjini mwezi huo, amekuja kwa mwanawe aliyepanga nyumba Njiru. Phelister alimfuata huko, mkono wa kushoto maembe, wa kulia bahasha. Alimkuta ameketi barazani na redio, mzee wa miaka sitini na minne, mwili mkavu, meno yote kinywani.

"Mama Maurine! Leo umekumbuka kwamba una shemeji?"

"Shemeji, nimekuja na shida."

Alimweleza. Alieleza kwa makini kwamba ni karatasi ya bima, ya kumsaidia mtoto wa ndugu yake, haitoki nje ya ofisi ile. Phares aliivaa miwani, akasoma kila neno, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza alirudi juu, akasoma tena.

"Kwa hiyo haikuwa figo za ukoo," alisema.

"Ni karatasi tu ya ofisi, Shemeji."

"Karatasi yenye muhuri. Hapa umeapa. Umeapa kwa Mungu." Alimtazama juu ya miwani. "Miaka sita watu wananiambia, Phares, ulimwonea mama wa watu. Nami nimenyamaza, nikasema, Phelister ni msomi, hawezi kuandika asichokijua."

"Ni kwa ajili ya Maurine."

"Kwa ajili ya Maurine natia." Akatia saini, taratibu, kwa herufi za shule ya zamani.

Kisha likatokea lile ambalo Phelister alilijutia kuliko muhuri, kuliko kiapo chenyewe. Alikuwa ametoa nakala tatu, kama alivyozoea: moja ya ofisi, moja ya mwapaji, moja ya shahidi. Hakuna aliyemwomba. Mkono wake wa miaka thelathini ya masijala ulichomoa nakala ya tatu, ukaikunja vizuri katikati, ukampa mtia saini. Phares aliipokea kwa mikono miwili. Phelister alikuwa amefika kituoni alipotambua alichofanya. Alisimama, akageuka, akatembea hatua kama kumi kurudi. Akasimama tena. Mtu humwambiaje shemeji yake nirudishie, sikuamini? Akapanda gari akaenda nyumbani.

Jibu la rufaa lilikuja haraka kuliko walivyodhani. Kampuni ilikuwa imekipokea kiapo. Kwa kuwa sasa kulikuwa na taarifa mbili zinazopingana kutoka kwa mtu yule yule, mwombaji alitakiwa apigwe picha ya figo katika kliniki waliyoichagua wao, na uamuzi ungetegemea picha hiyo peke yake.

Phelister aliisoma barua akiwa amesimama. Basi kiapo hakikuwa mlango. Kilikuwa kizingiti tu, na nyuma yake kulikuwa na mlango ule ule ambao Maurine alikuwa ameukimbia miaka yote.

"Nitaenda," Maurine alisema. "Umeapa kwa ajili yangu. Mimi nitashindwa kulala kitandani dakika kumi?"

Zilikuwa zaidi ya kumi. Phelister aliruhusiwa kuketi ndani. Mpiga picha alikuwa kijana mchangamfu, alianza kwa kumtania Maurine kwamba walimu wa chekechea wana tumbo la chuma. Alipitisha kile kifaa upande wa kulia, akakirudisha, akakibonyeza, akaacha kuzungumza. Alihamia kushoto. Kwenye kioo Phelister aliona viduara vyeusi, vidogo kwa vikubwa, vimesongamana. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameviona tayari, vimechorwa kwa kalamu ya bluu nyuma ya kadi ya miadi.

"Daktari atawaeleza," kijana alisema, akampa Maurine karatasi ya kujifuta mafuta.

Daktari alieleza kwa huruma. Figo bado zinafanya kazi. Pengine miaka kumi, pengine ishirini. Apime shinikizo la damu, anywe maji, arudi kila mwaka. Maurine aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mtiifu. Wiki moja baadaye kampuni ikaandika mistari mitatu: ombi limekataliwa, uamuzi ni wa mwisho. Abdijabar alipiga simu, akajaribu kampuni nyingine mbili. Safari hii aliweka ndiyo kwenye kisanduku. Zote mbili zilijibu kwamba zitamfunika kwa kila kitu ila figo. Alisema samahani mara nyingi hadi Phelister akamhurumia, akamwambia aende zake nyumbani kwa watoto.

Jumapili iliyofuata Triza alitokea Ziwani.

Alikuja na begi moja na kanga mbili zilizofungwa kama mtoto mgongoni. Phelister alimkaribisha ndani, akampa maji, na Triza akayanywa yote kabla ya kusema lolote. Phares alikuwa ameitisha kikao cha ukoo kijijini. Alikuwa na karatasi yenye muhuri, ameisoma yeye mwenyewe, kisha akampa mwalimu mkuu aisome tena ili wasiseme ameongeza. Asubuhi yake jiko la Triza lilikuwa limeangushwa, na mahindi ya upande wa barabara yamekatwa yangali machanga. Hakuna aliyempiga. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao tu.

"Nikawaambia ni uongo," Triza alisema. "Nikawaambia, mke wa Austine namjua, hawezi kuandika kitu kama hicho. Si ni uongo, Mama Maurine? Si wametengeneza wenyewe?"

Phelister aliketi. "Niliandika mimi," alisema. Akamweleza kwa nini, kuanzia fomu hadi rufaa, na hakujisitiri popote. Aliishia pale kiapo kilipopelekwa. Picha hakuitaja.

Triza alimsikiliza, mikono magotini. Hakulia wala hakufoka. "Kwa mtoto, hata mimi ningeandika," alisema mwishowe. "Lakini ungenipigia simu. Ningehama mchana, na vyombo vyangu."

Maurine alikuwa nje kwenye bomba la ua, akifua. Phelister alimfuata, akachutama karibu naye, akazungumza kwa sauti ya chini kwa sababu kuta za Ziwani zina masikio.

"Ile picha yako," alisema. "Nikimpelekea Phares ile picha, mambo yamekwisha. Kikao kingine, karatasi ya daktari, figo za Maurine ni kama za baba yake. Nani atamgusa Triza tena?"

Maurine aliendelea kukamua shuka. "Na watu wa Umoja wanakuja Desemba."

"Tutawaambia wasi..."

"Tutawaambia nani, Mama? Ukoo mzima? Mwalimu mkuu aisome kwa sauti?" Alilitupa shuka kwenye beseni. "Baba ulimsoma akiwa amekufa. Mimi niko hai. Hizi figo ni zangu, si za chama. Ukizitoa nje ya nyumba hii, kwa shemeji yako, kwa Triza, kwa yeyote, mimi sina mama."

"Mwanangu, ametolewa nyumbani kwake kwa ajili yetu."

"Najua." Sasa alikuwa analia, povu likimfika viwikoni. "Najua. Unadhani sijui?"

Phelister alisuza shuka lile pamoja na bintiye, wakalishika huku na huku, wakalianika bila kutazamana. Kisha akarudi ndani.

Triza alikuwa amefungua begi lake, anatafuta mahali pa kuweka nguo zake mbili tatu. Aliinua kichwa. Usoni bado palikuwa na kitu kama tumaini, kwa kuwa alikuwa akimjua Phelister kuwa mtu wa karatasi.

"Mama Maurine, wewe huweka kila kitu," alisema. "Hakuna hata cheti kimoja tunachoweza kuwaonyesha? Chochote cha daktari?"

Phelister alimsogezea rafu, akaondoa madaftari yake kumpa nafasi.

"Hakuna," alisema.